Insha ya Nani? Maoni Juu ya Kuiga, Kuazima na Kuiba Katika Ufundishaji wa Uandishi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulifika katika shule ya msingi ya kijijini kumkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Kiswahili darasa la tano. Somo lilikwenda vizuri. Mwanachuo alikuwa mchangamfu, maandishi yake ubaoni yalisomeka, na wanafunzi walijibu maswali kwa sauti. Tukampa alama nzuri. Kisha, tulipokuwa tukisubiri usafiri wa kurudi chuoni, tukaomba tuyaone madaftari ya insha yaliyokwisha kusahihishwa. Yalikuwa 52. Kichwa cha insha kilikuwa "Safari Yangu ya Mjini". Insha 47 zilianza kwa jogoo la kwanza kuwika, zikaendelea kwa mwandishi kurauka na kupanda basi lililokwenda kasi kama mshale, na zikaisha kwa mwandishi kurejea nyumbani akiwa hoi bin taabani. Nyingi kati ya hizo zilipata alama 8 au 9 katika 10.

Daftari moja lilitushtua. Mtoto mwenye daftari hilo aliandika kwamba yeye hajapata kwenda mjini. Basi hupita kwao alfajiri, wakati yeye anatoka kisimani, naye kila siku hutua ndoo ili aone ni nani anayesafiri. Siku moja alimwona shangazi yake dirishani, akampungia mkono, lakini shangazi hakumwona. Insha yenyewe ilikuwa ya mistari minane, na ilikuwa na makosa kadhaa ya tahajia. Ilipewa alama 3, na chini yake yaliandikwa maneno haya kwa kalamu nyekundu: "Hukufuata kichwa cha insha."

Hatukuweza kumlaumu mwanachuo yule, kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha alioutumia tuliuandika sisi. Ndani yake mna alama za utangulizi, alama za aya, alama za tahajia, alama za hati safi, na alama za "misemo na tamathali". Hamna hata alama moja kwa mwandishi aliye na jambo la kusema. Makala hii imetokana na daftari lile. Twakusudia kuuliza maswali mawili ambayo walimu wa lugha aghalabu huyatenga: ni nini kinachofanya maandishi yafaulu? Na je, tunapomshutumu mwanafunzi kwa wizi wa maandishi, twajua hasa ni kitu gani tunachomkataza?

Tuanze na swali la pili. Malalamiko juu ya wizi wa maandishi si mageni. Martial, mshairi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alimlaumu mtu aliyekuwa akiyasoma mashairi yake hadharani kana kwamba ameyatunga mwenyewe. Alimwita kwa neno la Kilatini lililokuwa na maana ya mwizi wa watumwa au mteka watu, na kutokana na neno hilo lugha kadhaa za Ulaya zilipata jina la wizi wa maandishi. Yafaa tuangalie kosa alilolilalamikia. Martial hakukataa mashairi yake yasomwe na wengine. Alitaka yasomwe yakitajwa kuwa ni yake. Kosa, basi, lilikuwa katika kudai umiliki wa uongo.

Tukiizingatia tofauti hiyo, twaona kwamba fasihi yetu wenyewe imejengwa juu ya kuazima. Katika ushairi wa Kiswahili iko bahari iitwayo takhmisi, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mshairi huchukua beti za mtangulizi wake, kisha kwa kila mishororo miwili ya asili hutunga mitatu yake, ili ubeti uwe wa mishororo mitano. Mishororo yake hulazimika kufuata kina cha yule wa kwanza na kuelekea kwenye wazo lake. Mfano unaojulikana mno ni takhmisi ya Liyongo, iliyotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambaye ndiye pia anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi. Hakuna aliyewahi kumwita Sayyid Abdallah mwizi. Kila aliyesikia utungo wake alijua ni wapi Liyongo anaposema na ni wapi Sayyid anapomjibu, na utamu wa utungo ulikuwa katika kujua huko.

Shaaban Robert naye, ambaye kila mwanachuo humtaja kama kilele cha nathari yetu, alipoandika Adili na Nduguze alichukua kiunzi cha hadithi kutoka katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Hata hivyo anayesoma kitabu kile hukutana na Shaaban Robert katika kila ukurasa: uzani wa sentensi zake, mafunzo yake ya uadilifu, na namna anavyomtazama mwanadamu. Kiunzi ni cha watu wa kale, bali nyumba ni yake.

Mfano wa tatu una safari ndefu zaidi. Plutarch aliandika kwa Kiyunani maisha ya watu mashuhuri wa Uyunani na Roma. Jacques Amyot aliyatafsiri kwa Kifaransa, na mwaka 1579 Thomas North akayatoa kwa Kiingereza akifuata Kifaransa cha Amyot. Shakespeare alikitumia kitabu cha North alipotunga mchezo wa Julius Caesar, uliochezwa London mwaka 1599. Mchezo huo ndio Mwalimu Nyerere aliouleta katika Kiswahili mwaka 1963. Lugha tatu zilikwisha kuyabeba mambo hayo kabla ya kutufikia sisi. Tena Shakespeare hakuchukua matukio peke yake. Katika mchezo wake juu ya Antony na Cleopatra, maelezo ya mashua ya malkia yamefuata maneno ya North kwa karibu sana. Mwanachuo akifanya hivyo leo tutampa sifuri.

Lakini hebu tutazame alilolifanya. Katika kitabu cha North, anayesimulia habari za mashua ile ni mwandishi wa historia. Shakespeare ameyatia maneno hayo katika kinywa cha Enobarbus, askari mkongwe asiyependa madoido, na akamfanya ayaseme huko Roma, mara tu baada ya Antony kukubali kumwoa mwanamke mwingine. Wasikilizaji wake hutumaini kwamba Antony sasa ataachana na Cleopatra. Askari akishasimulia uzuri wa mashua ile, sisi tunaosikiliza twajua kwamba hataachana naye. Maneno ni yale yale takriban, lakini yamepewa kazi mpya ambayo hayakuwa nayo.

Kutokana na mifano hii twapendekeza walimu watenganishe mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayatia katika kapu moja. La kwanza ni kuiga. Kuiga ni njia ya kujifunza: mtoto huiga matamshi ya mama yake, na seremala mwanagenzi hutengeneza kigoda kama cha fundi wake. La pili ni kuazima. Kuazima ni kuchukua cha mwenzio kwa ajili ya kazi yako mwenyewe, huku msomaji akijua ni cha nani, au akiwa na njia ya kujua. La tatu ni kuiba, yaani kukitoa cha mwenzio mbele ya mtu aliyekuamini kwamba ni chako. Mambo mawili ya kwanza yanapaswa kufundishwa. La tatu ndilo la kukatazwa.

Wako watakaosema kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa na sheria. La hasha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania inalinda haki za mwenye kazi, na inafaa iheshimiwe. Lakini mwanafunzi anayenakili insha ya rafiki yake kwa ridhaa ya rafiki huyo hakumnyang'anya mtu chochote, na bado amedanganya. Aliyepunjwa ni yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuja shuleni apate uwezo fulani, naye ataondoka bila ya uwezo huo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwalimu analinda kukua kwa mwanafunzi, na hilo ni shauri jingine kabisa kuliko kulinda mali.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Maandishi hufaulu kwa sababu gani? Kwa maoni yetu mambo matatu hukutana. Mwandishi awe na jambo analolijua au analotaka kulijua. Awe na msomaji anayemfikiria. Na awe na umbo la kulichukulia jambo hilo. Umbo karibu daima huazimwa, kwani hakuna aliyebuni barua, insha wala utenzi peke yake. Msomaji hupatikana kwa mazoea. Jambo la kusema, hata hivyo, haliwezi kutoka kwa mwingine. Mtoto yule wa kisimani alikuwa na jambo, na alimfikiria msomaji kiasi cha kumweleza kwa nini hutua ndoo. Alichokikosa ni umbo tu, ambalo mwalimu anaweza kumpa kwa muhula mmoja. Wale 47 walikuwa na umbo bila ya jambo, na sisi tukawaambia kwamba wamekamilika.

Hapo ndipo tunapoona kwamba wizi wa maandishi hufundishwa na shule zenyewe. Mwalimu huandika insha ya mfano ubaoni, wanafunzi huinakili, anayeinakili vizuri husifiwa. Mambo huenda hivyo kwa miaka saba, kisha mingine minne. Mwanafunzi yule yule akija chuoni na kutuletea kazi iliyonakiliwa, twamwita mbele ya kamati na kumwuliza alijifunza wapi tabia hiyo.

Twaweza kutoa ushahidi kutoka kwetu wenyewe. Mwaka mmoja tulipokea andalio la somo la mwanachuo ambalo lilionyesha wanafunzi 38, ilhali darasa alilokabidhiwa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60. Andalio lilikuwa la mwenzake wa mwaka uliotangulia. Lililotuhuzunisha zaidi ni sehemu ya tathmini. Ilikuwa imekwisha kujazwa, kwamba wengi wamelielewa somo, nasi tulilishika andalio lile kabla ya kipindi kuanza. Tulimkaripia kwa ukali. Akatujibu kwa adabu kwamba katika maandalio yote aliyoyaleta tangu aanze chuo, hakuna mkufunzi aliyewahi kuandika neno lolote kwenye sehemu ya tathmini, kwa hiyo alidhani haisomwi. Tulilitafuta jibu la kumpa, hatukulipata.

Usiku ule tuliyachukua madaftari yetu ya kufundishia. Maelezo tuliyokuwa tukiwasomea wanachuo juu ya kanuni za insha tuliyaandika wakati tuliposoma stashahada, yakitoka kinywani mwa mkufunzi wetu. Kwa miaka sita tuliyasoma mbele ya madarasa neno kwa neno, wala siku hata moja hatukulitaja jina lake. Wanachuo huyaita maelezo ya namna hiyo madesa, na hucheka wanapoyataja. Kwa kipimo tulichokuwa tukiwapimia wao, sisi ndio tuliostahili kuitwa mbele ya kamati.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Siku hizi mwanachuo mwenye simu anaweza kupata insha ya jogoo na basi kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuchonga penseli, na itakuwa na tahajia safi. Vyuo vingi vimekimbilia programu za kukagua mfanano wa maandishi. Hatuzikatai, lakini zina mpaka wake. Programu hizo huonyesha kwamba maneno mawili yamefanana. Haziwezi kueleza kwa nini yamefanana. Takhmisi ya Sayyid Abdallah ingetiwa alama nyekundu, na andalio lenye tathmini ya uongo lililoandikwa kwa maneno mapya lingepita salama. Iwapo kazi tunazozitoa ni zile ambazo mashine huzifanya vema kuliko mtu, kosa li katika kazi hizo kabla ya kuwa katika mashine.

Tufanye nini, basi? Tungependa kutoa mapendekezo machache ambayo tumeyajaribu, au tumeona wenzetu wakiyajaribu.

Kwanza, vichwa vya insha vichaguliwe kutokana na maisha ya wanafunzi wa mahali hapo. Badala ya "Safari Yangu ya Mjini" kwa watoto ambao wengi wao hawajasafiri, mwalimu aseme: "Mtu niliyemwona akiondoka". Kila mtoto amewahi kumwona mtu akiondoka.

Pili, masimulizi yatangulie maandishi. Wanafunzi wasimuliane wawili wawili kwa dakika chache, na msikilizaji aulize maswali mawili kabla ya kalamu kushikwa. Kwa njia hii msomaji hupatikana mapema, na mwalimu anayezunguka darasani hujua ni nani ana habari gani. Mashine yaweza kubuni kisima, lakini haiwezi kumjibu jirani anayeuliza kisima hicho kiko upande gani wa barabara.

Tatu, kuazima kufundishwe waziwazi. Mwalimu atoe sentensi mbili za ngano inayojulikana, kila mwanafunzi aongeze tatu zake kwa mfano wa takhmisi, na zile za kuazima zipigiwe mstari. Mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kuandika chini ya ukurasa: "Hadithi hii alinisimulia bibi." Huo ndio mwanzo wa kutaja marejeo, na atakapofika chuoni hautakuwa mzigo mgeni kwake.

Nne, insha iandikwe mara mbili. Katika andiko la kwanza mwalimu aulize juu ya jambo lenyewe tu. Katika la pili asahihishe tahajia na aya. Anayeandika mara mbili huacha nyayo, na nyayo hizo ndizo ushahidi bora wa kwamba kazi ni yake.

Tano, mwongozo wa kusahihisha ubadilishwe. Katika alama 10, sisi sasa twatoa 4 kwa jambo na uwazi wake, 3 kwa mpango, na 3 kwa lugha. Tamathali tunazitazama chini ya lugha, nazo hupata alama pale tu zinaposaidia kuonyesha kitu.

Mwisho, sisi wakufunzi tuisome tathmini katika andalio la somo, na tuseme maelezo yetu tumeyapata kwa nani.

Twajua pingamizi zilizopo. Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa la watoto 80 atasoma vipi maandiko mawili ya kila mmoja? Hawezi, na hatutaki kumdanganya mtu. Lakini akisoma kwa makini madaftari 10 kila juma, kwa zamu, katika majuma manane atakuwa amemsoma kila mtoto mara moja kwa ukamilifu. Kusoma huko kwa mara moja kunamfaa mtoto kuliko vema 80 zilizotiwa bila ya kusomwa.

Pingamizi ya pili ni mtihani. Huko Kenya, mtihani wa KCPE uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023 ulikuwa na insha ya Kiswahili, na watahiniwa wengi walizoea kukariri methali, tashbihi na mianzo ya insha ili waipambe kazi yao. Hatuwezi kuwalaumu walimu waliotaka wanafunzi wao wafaulu. Twasema tu kwamba mtihani unaotuza pambo lililokaririwa utaletewa pambo lililokaririwa, na wanaotunga mitihani ni walimu kama sisi.

Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi: je, maneno haya hayatawapa wezi kisingizio? Mwanachuo mvivu atasema kwamba hata Shakespeare alinakili. Tumjibu hivi: Shakespeare aliyapa maneno ya North kazi mpya, wewe tuonyeshe kazi uliyoyapa haya uliyoyachukua, na utuambie umeyatoa wapi. Akishindwa yote mawili, adhabu ibaki pale pale. Kwa hakika mwalimu aliyefundisha kuazima ana haki zaidi ya kuadhibu wizi kuliko yule ambaye hakufundisha lolote.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliilaumu elimu iliyomfanya mwanafunzi aamini kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Miongo mingi imepita, na insha zetu bado zinamfundisha mtoto kwamba jogoo la kitabuni ni bora kuliko ndoo yake mwenyewe.

Juu ya mtoto yule, twaona ni haki tueleze yaliyofuata. Siku ile ya kwanza tulizungumza na mwanachuo, naye kwa moyo mwema akaibadilisha alama ikawa 7. Baada ya majuma mawili tulirudi kwa ukaguzi wa pili, tukaliomba daftari lile. Insha mpya ilikuwa juu ya sikukuu. Ilianza kwa jogoo la kwanza kuwika. Haikuwa na kosa la tahajia hata moja, na ilikuwa imepata 8. Mtoto alisimama kando ya meza akitazama kama tumefurahi.

Hatukujua la kumwambia. Tungeshukuru kusikia kutoka kwa wakufunzi na walimu wenzetu wao wangemwambia nini, na wafanye nini katika madarasa yao ili mtoto mwingine asifike hapo.